Karakana Yangu Haina Mtu wa Pili

Shafti ilirudi imeviringishwa kwenye gunia. Mwenyewe hakuja na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliiweka kwenye benchi kando ya jiriwa, akafunua gunia taratibu, akasema, "Fundi, hebu itazame. Labda wewe utaelewa."

Nilielewa hata kabla hajamaliza kusema. Mahali inapokaa beringi, ile pete ya gololi inayoiwezesha shafti kuzunguka, palikuwa pamesuguliwa mabaka mabaka, na unga wa hudhurungi, kama kutu iliyosagwa, umejikusanya kwenye bega la shafti. Fundi yeyote wa mashine akiuona unga ule anajua kilichotokea: pete ya ndani ya beringi ilikuwa inatambaa juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo kama kitu kimoja. Shafti ilikuwa imelegea. Na shafti hiyo niliikereza mimi, nikaipima mimi, nikaikabidhi mimi, bila jicho lingine lolote kupita juu yake.

Ilikuwa shafti ya pampu ya maji. Beringi yake ni namba 6207: tundu milimita 35, kipenyo cha nje 72, unene 17. Kwa kazi ya aina ile shafti hutakiwa izidi 35 kidogo sana, kati ya 35.002 na 35.018, ili beringi iingie kwa kubana. Nililenga 35.010. Mkato wa mwisho ulipopita nilisimamisha mashine ya kukerezea, nikafuta oili kwa kitambaa, nikabana maikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa sehemu ndogo za milimita, mpaka rachiti, kikaza chake, ikalia, nikasoma 35.010 kamili. Nilifurahi. Jioni ilikuwa inaingia na mteja anangoja simu. Nikaitoa shafti kwenye taya, nikaipaka oili, nikampigia.

Nilisahau kwamba ilikuwa moto. Haikuwa moto wa kuunguza. Ulikuwa ule moto wa chuma kilichotoka kukatwa mikato mikubwa mfululizo, ambao mkono unaustahimili kwa sekunde chache kisha unauachia. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Shafti ya milimita 35 ikiwa imezidi joto la karakana kwa nyuzi 35, kipenyo chake kimevimba karibu milimita 0.015. Ikipoa, uvimbe unaondoka. Kwa hiyo ile 35.010 yangu ilipopoa ilikuwa 34.995, na beringi ikaingia kwa kusukumwa na vidole. Huko kwenye pampu haikuwa na kitu cha kuishika.

Niliikereza nyingine kwa chuma changu na kwa siku yangu. Lakini kwa muda mrefu baada ya pale niliendelea kujiuliza swali moja. Kanuni ya joto niliijua tangu nikiwa mwanafunzi. Maikromita ilikuwa nzima, mashine nzima, mikono imezoea. Sasa nini kilipungua?

Kilichopungua ni mtu wa kuniambia, "Ngoja kwanza ipoe."

Mahali nilipojifunzia kazi tulikuwa watu wanane chini ya paa moja. Mzee aliyetufundisha alikuwa na mazoea ya kupita nyuma yetu mikono ikiwa mgongoni. Mashine yako ikishasimama, anaugusa ule mzigo kwa upande wa nyuma wa vidole, kama mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa, halafu anaondoka bila neno. Akiona una maikromita mkononi na chuma bado kina joto, anatikisa kichwa tu. Sikuwahi kulihesabu lile kama sehemu ya kazi. Nililiona kama tabia ya wazee. Nilipofungua karakana yangu na kuanza kufanya kazi peke yangu ndipo nilipojua kwamba mtu yule alikuwa ni kipimo kimojawapo, tena kilichokuwa kinatuokoa kila siku bila sisi kujua.

Watu wengi wanaotaka kujitegemea katika kazi hii huniuliza kuhusu nguvu. Nitainuaje chaki nzito peke yangu? Nani atanishikia nondo ndefu? Hayo yana majibu. Chaki, lile bakuli la taya tatu linaloshika kazi, naishusha juu ya ubao uliokatwa ukakaa juu ya reli za mashine, kisha naisukuma mpaka mahali pake. Mizigo mikubwa inainuliwa kwa winchi ya mnyororo. Mikono ya pili inapatikana kwa vyuma na kamba. Kinachokosekana ni jicho la pili, na jicho hilo ndilo nililotumia miaka kulitengeneza kwa vitu vingine.

Kitu cha kwanza ni ubao mweupe, nimeupigilia ukutani juu ya kichwa cha mashine. Kabla sijafika mkato wa mwisho naandika kwa kalamu ya rangi namba tatu: kipimo ninachotaka, kipimo nilichosoma sasa, na kiasi kilichobaki. Naziandika hata kama najua kichwani. Mkono unapoandika, kichwa kinalazimika kupunguza mwendo, na mara nyingi nimegundua pale pale kwenye ubao kwamba nimetoa vibaya, au nimeshika nusu kipenyo badala ya kipenyo. Kwa wasioijua kazi hii: kisu cha mashine kikisogea ndani milimita 0.1, kipenyo kinapungua 0.2, kwa sababu chuma kinazunguka na kinakatwa pande zote. Mashine nyingine mzunguko wa mkono wake umeandikwa kwa kipenyo, nyingine kwa nusu. Mimi ninazo mbili, moja hivi, nyingine vile. Kwa mtu aliyechoka hilo ni shimo lililo wazi, kwa hiyo kila moja nimeibandika kibao chenye maandishi makubwa: KIPENYO, NUSU.

Jambo la pili ni mikato miwili ya mwisho kuwa sawa. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililopunguza kazi zilizoharibika kuliko jingine lolote. Kisu kinapokula chuma, chuma nacho kinakisukuma kisu nyuma. Kila kitu kinapinda kidogo: kisu, kishikio chake, shafti yenyewe, hata mashine. Ukikata nene kinapinda zaidi, ukikata nyembamba kinapinda kidogo. Sasa mtu anakata nene nene mpaka abakize milimita 0.05, halafu anajaribu kuondoa hiyo 0.05 kwa mara moja. Kisu kilichokuwa kimesukumwa nyuma kinajinyoosha, kinakula zaidi ya ulichokipa. Au kinateleza juu ya chuma bila kula, kinakisugua tu, halafu ukiongeza kidogo kinaingia ghafla na kuzama.

Mimi naacha 0.5 kwa mikato miwili. Tuseme nataka 35.010 na sasa nina 35.510. Nakata 0.250 ya kipenyo. Hesabu inasema nitapata 35.260. Nasimamisha, nasubiri, napima, nakuta 35.268. Ile 0.008 ndiyo tofauti kati ya mashine ya kwenye karatasi na mashine iliyo mbele yangu. Mkato unaofuata naupa 0.258, kisu kilekile, mwendo uleule, ulishaji uleule, yaani kasi ileile ya kisu kusogea kando ya shafti, oili ileile. Kwa kuwa unene unakaribia kuwa sawa, kupinda nako kunakuwa sawa, na ninatua 35.010 au jirani yake kabisa. Mkato wa kwanza kati ya ile miwili ndio unaonipa habari za wa pili. Kwangu mimi huyo ni mtu anayesimama kando na kusema, "Leo inakula pungufu kwa nane."

Na mkono wa mashine naujia siku zote kutoka upande mmoja. Skrubu ya mashine iliyotumika ina mchezo. Ukiurudisha mkono nyuma, unazunguka kidogo kabla kisu hakijasogea. Nikipitiliza namba, sirudi nyuma kidogo kuikamata. Narudi nusu mzunguko, halafu naijia tena kwa mbele. Ni jambo dogo ambalo wanafunzi hulichukia, nami sijawahi kujuta kulifanya.

Kisha kuna kungoja. Kabla ya ile mikato miwili ya mwisho nazima mashine na kuondoka pale ilipo. Nafagia maranda ya chuma, nanoa kisu kingine, napokea simu. Shafti nene inaweza kuhitaji nusu saa. Nikirudi naigusa kwa upande wa nyuma wa vidole, kama mzee alivyokuwa akifanya. Kando naweka kile kipande cha milimita 25 kinachokuja na maikromita ya 25 hadi 50, nakipima kwanza nione sifuri ipo, ndipo nipime kazi. Vipimo vya viwandani husemwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, lakini katika karakana ndogo isiyo na kipoza hewa jambo la maana zaidi ni kwamba shafti, beringi na maikromita vyote viwe vimelala katika joto moja. Kwa chuma juu ya chuma vitatanuka pamoja. Aluminiamu ni habari nyingine. Yenyewe hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nyumba ya aluminiamu ya beringi naipa muda mrefu zaidi na sina haraka nayo kabisa.

Mashine yenyewe pia hudanganya. Ile yangu kubwa niliinunua ikiwa imetumika, na miezi ya mwanzo kila shafti ndefu ilitoka na umbo la koni, upande mmoja mnene kuliko mwingine kwa milimita 0.04 katika urefu wa 200. Niliamini kichwa chake kimechoka na nikaanza kuhuzunikia fedha yangu. Kumbe ilikuwa imesimama vibaya. Kitanda cha mashine, hata kikiwa kizito kiasi gani, hujipinda kama miguu haikukaa sawasawa sakafuni. Nilichukua nondo nene, nikaishika kwenye chaki bila kuitegemeza upande wa pili, nikaiachia pete mbili zilizonenepa, moja karibu na taya na nyingine mbali, nikapitisha mkato mwembamba juu ya zote mbili bila kugusa mkono wa kisu katikati. Nikapima pete zote mbili. Tofauti yake ndiyo lugha ya mashine. Nikalegeza boliti za mguu mmoja wa nyuma, nikaingiza kibati chembamba, nikakaza, nikakata tena. Kazi ile ilinichukua siku mbili za kukata na kupima, na mwisho pete zote zikasoma sawa. Pimamaji ilinipa mwanzo tu. Hukumu ilitoka kwenye zile pete. Tangu hapo naurudia ukaguzi huo kila baada ya miezi kadhaa, maana sakafu nayo hutembea.

Kosa langu la pili kubwa halikuhusu kipimo. Lilihusu maneno.

Mteja alinipigia simu akitaka boliti ndefu 20, kichwa cha kipekee, hesi (yale meno ya skrubu) ya nusu inchi. "Ni hesi ya kawaida tu, fundi," alisema. Nikakata hesi 13 kwa inchi, pembe nyuzi 60, kama nilivyozoea kuona kwenye mashine za asili ya Marekani. Zilikuwa safi, zinang'aa, nati ya duka inaingia kama siagi. Alipokwenda kuzifunga, zikaingia mizunguko miwili zikagoma. Mashine yake ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, na hesi yake ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55, kwa mpango ule ule aliouweka Joseph Whitworth mwaka 1841. Ajabu yake ni kwamba katika vipimo vingi vya karibu na hapo idadi ya meno kwa inchi ni sawa katika mipango yote miwili, kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka asikutane na tofauti. Nusu inchi ndipo zinapoachana, na mimi niliangukia hapo hapo.

Katika karakana kubwa mtu wa ofisini angeuliza mchoro. Mimi ndiye niliyepokea simu, na mimi ndiye niliyekata. Sasa sikati hesi yoyote ya mtu bila kushika mkononi kile itakachoingia ndani yake, au kipande cha zamani nikiweke chini ya geji ya hesi nitazame kwenye mwanga kama meno yanalala bila upenyo. Mteja aliye mbali nampa kipande kimoja kwanza. Akikijaribu na kukiri, ndipo nafanya vilivyobaki. Wengine hukasirika kwa kucheleweshwa. Nawaelewa, lakini sibadilishi.

Na kila kazi ina karatasi. Nachora kwa mkono, hata kama ni bushi ya kawaida yenye tundu katikati: vipimo, chuma cha aina gani, upande upi unaonekana, upande upi hauna maana. Mteja anaitazama na kuweka sahihi. Mara nyingi ni wakati ule wa kuinama pamoja juu ya mchoro ndipo anaposema, "Ah, lakini hapa pana sili," au "Hii inazunguka kinyume." Kwa dakika tano zile ninakuwa na mtu wa pili halisi, na ninamtumia.

Daftari nalo lilinifundisha kuhusu muda. Mwaka mmoja mzima niliandika kila kazi ilipoanza na ilipoisha, nikigawa sehemu: kuelewa, kutafuta chuma, kukata nondo kwa msumeno, kufunga kwenye mashine, kukata, kupima, kuondoa makali, kufagia, kuzungumza na mteja. Nilipokaa kusoma, nilinyamaza. Kwa kipande kimoja cha pekee, muda wa kisu kuwa ndani ya chuma ulikuwa sehemu ndogo kabisa. Na miaka yote nilikuwa nikitoza ile sehemu ndogo, kwa sababu ndiyo inayopiga kelele na kutoa maranda, ndiyo mteja anayoiona akisimama mlangoni. Kipande kimoja cha kufunga dakika 50 na kukata dakika 10 ni saa nzima. Vipande kumi vya aina hiyo si saa kumi. Ni kufunga mara moja kisha dakika 10 kila kimoja, kama saa mbili na nusu. Nilipoanza kuwaeleza wateja hivyo, kwa karatasi, wengi walianza kuleta kazi zao kwa pamoja. Waliotaka kipande kimoja leo na kingine kesho walijua kwa nini kinagharimu zaidi, na hatukugombana.

Sasa nizungumze kuhusu hatari, na hapa sitaki kupita haraka.

Siku moja nilikuwa nakata vipini vifupi kutoka kwenye nondo ya milimita 16. Ili nisipoteze muda niliipitisha nondo yote ndani ya kichwa cha mashine, ikachomoza nyuma karibu urefu wa mkono mzima. Mzunguko wa chini ulikwenda vizuri. Nikaongeza mwendo. Nondo iliyochomoza bila kushikwa ikianza kuyumba hata kidogo, mzunguko wenyewe unaivuta nje, na ikishavutwa inayumba zaidi, na kufumba na kufumbua inakunjika kama kiwiko na kuwa fimbo ya chuma inayopiga duara. Ilipiga kabati, ikapiga ukuta, mashine nzima ikaanza kutembea sakafuni. Nilikuwa mbele, karibu na swichi, nikaizima. Kabla ya hapo kwa dakika chache nilikuwa nimesimama upande ule ule wa nyuma, nikipima urefu wa nondo.

Nilikaa chini kwenye kigoda muda mrefu. Kilichonitisha ni wazo lililofuata: kama ingenipiga, nani angeizima? Ingeendelea kuzunguka, na mimi chini, mpaka mtu apite jioni.

Tangu siku hiyo nondo haichomozi nyuma kwa urefu wa kuzidi kiganja bila bomba la kuishika, bomba lililofungwa kwenye stendi yake na kujazwa bushi ya mbao yenye tundu la kipimo cha nondo. Nafuu kukata nondo fupi fupi na kupoteza inchi mbili za chuma. Ufunguo wa chaki hauachwi kamwe ndani ya chaki. Mkono wangu hauachani na ufunguo mpaka urudi kwenye ndoano yake, na ndoano hiyo nimeiunganisha na swichi: ufunguo usipokuwa pale, mota haiwaki. Rafiki yangu fundi umeme alinisaidia kuifunga kwa muda mfupi tu. Glavu sivai kwenye mashine inayozunguka, hata baridi ikiwa kali, hata maranda yakiwa makali. Maranda marefu nayavuta kwa kulabu baada ya kusimamisha. Mikono ya shati juu ya kiwiko, hakuna pete kidoleni, hakuna kamba ya aproni inayoning'inia mbele. Msasa kwenye shafti inayozunguka sizungushi kwa kuushika kwa vidole, naubana kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa bawaba.

Na kuna mambo ya mtu peke yake hasa. Simu iko mfukoni, haiko mezani, kwa sababu mezani huwezi kuifikia ukiwa umelala sakafuni. Jirani ninayemwamini anajua saa ninayofunga; nisipompungia mkono, anakuja. Kazi nzito na kazi za mwendo mkubwa nazifanya asubuhi, watu wakiwa karibu. Baada ya jua kuzama nachora, nanoa, nahesabu, nasafisha. Mashine kubwa hailii usiku katika karakana yangu. Kuna wateja niliowapoteza kwa hilo.

Wengine niliwapoteza kwa kukataa kazi. Ndoano ya kuinulia mizigo iliyopasuka, mtu anaomba niijaze welding na kuikereza upya: hapana. Sehemu ya usukani wa gari iliyovunjika, anataka niiunganishe: hapana, nenda ukanunue mpya. Chuma ambacho hakuna anayejua kimetoka wapi, kwa kitu ambacho kitabeba uhai wa mtu, nacho nakikataa, hata baada ya kukijaribu kwa tupa na kutazama cheche zake kwenye grainda. Cheche zinaweza kunionyesha kama kina kaboni nyingi au kidogo. Hazinionyeshi ufa ulio ndani. Katika karakana kubwa kuna mtu anayebeba dhamana ya kusema hapana. Hapa ni mimi, na mwanzoni nilikuwa naona aibu kumwambia mtu hapana usoni. Siku hizi naisema mapema, kabla hajashusha mzigo kwenye gari.

Yule mwenye pampu alirudi mwaka uliopita. Nilimwona akishuka na gunia lilelile, moyo ukaruka. Kumbe alileta pampu ya pili, ya ndugu yake, nayo inataka shafti kama ile. Alikaa kwenye kigoda akitazama. Nilifika 35.510, nikaandika ubaoni, nikazima mashine, nikaanza kufagia.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana, mzee. Inapoa."

Tukazungumza habari za watoto na za mvua. Baadaye nikaigusa kwa nyuma ya vidole, nikakata ule mkato wa kwanza, nikangoja tena, nikapima, nikaandika, nikakata wa pili. Nikangoja mara ya tatu. Safari hii yeye mwenyewe aliinuka, akaweka upande wa nyuma wa vidole vyake juu ya chuma, akaniangalia.

"Bado kidogo," akasema.

Tukakaa tena. Ilipopoa nikasoma 35.011. Nikampa beringi ajaribu kuiingiza kwa mkono. Aliisukuma kwa viganja vyote viwili, ikagoma mdomoni mwa shafti. Akacheka kwa furaha, akanirudishia, nami nikaiweka kwenye kipashio ipate moto ili iingie.